Matanga ya Chewa Aliyekuwa Hai

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa maji, pakawa tope!

Na ndani ya tope?

— Kaa na gando lake!

Basi sogeeni. Zuwena, wewe usisogee, wewe uko magotini kwangu na kichwa chako ni shamba ambalo halijaona jembe. Nikikuchana unalia, nisipokuchana mama yako ananisema. Kwa hiyo nitachana na nitasimulia. Ukilia katikati, hadithi inakatika na nywele zinabaki nusu, na chuoni utakwenda hivyo hivyo na kichwa nusu. Haya.

Palikuwa na mkondo wa maji katikati ya mikoko, kule ambako mto mkubwa unachoka na kujigawa vijito vijito kabla ya kufika baharini. Ndani ya mkondo ule aliishi Nguva, jina lake Mize. Kutoka kiunoni kwenda juu, mtu. Kutoka kiunoni kwenda chini, samaki. Nywele zake zilimfika mkiani, na hakulia alipochanwa. Sisemi kitu, ninasimulia tu.

Na kwenye maua ya mikoko waliishi vibwengo. Najua, najua, mmeambiwa kibwengo ni shetani wa baharini, anatisha watu. Hao ni wengine, wana hadithi zao. Wa hadithi yangu walikuwa wadogo kama kidole cha mwisho, wana mbawa za kereng'ende, na ni waoga kiasi kwamba mmoja akipiga chafya wote wanajificha. Kazi yao ilikuwa kukinga umande alfajiri, tone kwa tone, ndani ya vibuyu vyao, wakampelekea Mize amwogeshe mwanawe kwa maji matamu. Maana Mize alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mkondo mzima ulimpenda mtoto yule.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Mtoto wa nguva huzaliwa hana jina. Siku thelathini na tisa haitwi kitu. Siku ya arobaini, jua likifika utosini, mama yake humchana nywele kwa chanuo alilochaniwa bibi yake, na bibi ya bibi yake. Kisha humwita jina mara tatu. Mtoto akiitika "Abee!", amekwisha kuwa nguva, na sauti yake ni yake maisha. Asipochanwa, haitiki. Asipoitika, jua likishapita utosi anageuka samaki. Samaki hivi hivi tu, wa kukaanga. Anaogelea anakwenda zake, wala hamkumbuki mama yake.

— Kwani hawezi kutumia chanuo jingine, shangazi?

Nani kauliza hilo? Ni lile lile, halina pacha. Tulia, nimeshika fundo.

Katika pango chini ya mizizi ya mikoko aliishi Chewa. Chewa mnamjua. Kichwa ni nusu ya mwili wake, na mdomo ni nusu ya kichwa chake. Alikuwa na nguvu kuliko wote mkondoni, na alikuwa na maneno mawili tu. Akiona kitu kizuri, husema:

"Cha kwangu!"

Halafu: gwap!

Aliona chungu cha Pweza. "Cha kwangu!" Gwap! Kikaingia pangoni.

Aliona mkeka wa Kasa. "Cha kwangu!" Gwap! Ukaingia pangoni.

Aliona vibuyu vya umande vya vibwengo. "Vya kwangu!" Gwap! Vikaingia pangoni, na vibwengo wakawa wanakinga umande kwa viganja, nusu unamwagika njiani.

Na siku ya thelathini na tisa, asubuhi, Mize alilisuuza lile chanuo akaliweka juu ya jiwe. Akageuka kumpangusa mtoto. Kugeuka tu hivi.

"Cha kwangu!"

Gwap!

Mize akapiga magoti. Nguva hana magoti, lakini siku ile alipiga. "Kaka Chewa, chukua chochote. Kesho ni arobaini ya mwanangu. Nirudishie chanuo."

"Njoo ulichukue," akasema Chewa, na aliposema, kinywani mwake mkasikika kocho-kocho. Lile chanuo hakulipeleka pangoni. Lilikuwa zuri mno, na mwizi kwa kuogopa wezi hakuna amshindaye. Alilificha chini ya ulimi. Akacheka, kocho-kocho, akaenda zake.

Mize alilia mpaka maji ya mkondo yakaongeza chumvi. Na kilio chake kilimfikia Kaa, aliyekuwa shimoni kwake anakula tope lake la asubuhi.

Kaa yule alikuwa mdogo, angetosha kwenye kisahani cha chai. Upande mmoja alikuwa na gando dogo la kulia chakula. Upande wa pili alikuwa na gando kubwa, kubwa kuliko yeye mwenyewe, na alijivuna nalo kupita kiasi. Alilipaka matope kila siku ling'ae. Akikutana na mtu, alisalimia kwa gando kwanza, yeye baadaye.

"Dada Mize," akasema, "nyamaza. Chewa ni mtani wangu."

"Utani utanisaidia nini, kaka? Mwanangu anageuka samaki kesho."

"Utanisaidia mimi kukusaidia wewe. Nipikie sinia la uduvi wa nazi, lijae, linukie. Kesho asubuhi lete pangoni kwa Chewa. Na uvae kaniki. Tunakwenda msibani."

"Nani kafa?"

"Bado hajajua," akasema Kaa.

Utani mnaujua, au nyinyi mmekua na simu tu? Zamani sana ukoo wa Kaa na ukoo wa Chewa walipigana vita, wakachoka, wakapatana, wakawa watani. Mtani anaweza kukunyang'anya tonge mkononi, ukacheka. Anaweza kukuita sura mbaya mbele ya wakwe zako, ukacheka. Ukinuna, umejiaibisha wewe na kizazi chako. Na kwenye msiba, hapo ndipo mtani anakuwa mfalme. Wenyewe wanalia, yeye anaigiza marehemu alivyotembea, anachukua vitu vya marehemu, na hakuna wa kumwambia acha. Mtani hanyimwi.

Kaa akaenda, kwata kwata kwata, upande upande, mpaka mlangoni kwa Chewa.

"Hodi, sura mbaya!"

"Karibu, miguu mingi akili haba," akajibu Chewa. Kocho-kocho.

"Mtani wangu, nimekuja na uchungu. Jana nilikuwa matangani. Chakula! Uduvi wa nazi, masinia kwa masinia. Watu wamekula mpaka wanalala walipokaa. Unajua nani hakula?"

"Nani?"

"Marehemu. Shughuli yake, jina lake, kilio chake, na hakuonja hata punje. Nikawaza, akifa mtani wangu Chewa, mkubwa wa mkondo huu, watapika chakula gani? Na hataonja!"

Hilo Chewa hakuwahi kuliwaza, na lilimuuma kwelikweli. Chakula chake, kiliwe na wengine!

"Basi fanya hivi," akasema Kaa, na akamsogelea. "Kesho jifishe. Lala ubavu. Watalia, watapika, wataleta chakula hapa hapa pangoni. Wakitoka kwenda kuchimba kaburi, wewe unaamka, unakula peke yako. Lakini masharti ni mawili. Usiseme. Usitikisike. Ukisema au ukitikisika, wanarudi na sinia lao."

"Cha kwangu," akasema Chewa taratibu, macho yamemtoka. "Chote cha kwangu."

Asubuhi ya siku ya arobaini, vibwengo wakaruka mkondo mzima wakipiga mbiu. "Wiii! Wiii! Bwana Chewa hatunaye! Wiii!" Vilio walivijua, kwa ule uoga wao. Kisha kila mmoja akajifunga ndani ya povu lake na kuzama kwenda pangoni.

Pweza akaja. Kusema kweli hakuja kulia, alikuja kuhakikisha. Kasa akaja polepole, amechelewa kama kawaida yake. Mize akaja, kaniki begani, sinia kichwani, mtoto kifuani. Wakamkuta Chewa amelala ubavu, tumbo jeupe limetuna, kimya.

Sasa, Mungu hakumpa samaki kope. Hawezi kufumba macho. Kwa hiyo Chewa alilala pale na kuona yote.

Aliona sinia likiwekwa karibu na kichwa chake. Alisikia harufu ya nazi. Mate yakamjaa, na hakumeza.

Mara Kaa akaingia, anacheka. "Ha! Mtani wangu kafa! Nani kanipunguzia kelele?" Watu wakaguna, wengine wakatabasamu, maana ndiyo kazi ya mtani. Kaa akaenda mpaka kona ya pango, akaburuta chungu, kwaru kwaru kwaru.

"Mtani wangu kaacha chungu! Chungu cha nani?"

"Changu!" akasema Pweza.

"Chukua!"

Chewa akataka kusema. Akakumbuka sinia. Akanyamaza.

"Mtani wangu kaacha mkeka! Mkeka wa nani?"

"Wangu," akasema Kasa, baada ya muda.

"Chukua!"

Pezi la Chewa likafanya tik! Akataka kusema. Akakumbuka sinia. Akanyamaza.

"Mtani wangu kaacha vibuyu! Vibuyu vya nani?"

"Vyetu! Vyetu! Vyetu!" Vibwengo wakavibeba, na wale ambao hawakupata kibuyu cha kubeba wakakaa kwenye sinia, wakaanza kuonja. Kidogo tu. Kila mmoja kidogo tu. Walikuwa mia tatu.

Chewa akaona. Akataka kusema. Akakumbuka sinia. Akanyamaza. Na sinia lenyewe lilikuwa linapungua mbele ya macho yake yasiyofumba. Maskini, mimi huwa namhurumia hapo, ingawa si sana.

Hapo Mize akapiga ukelele. Ukelele wa kweli, si wa msiba.

Jua lilikuwa limekaribia utosi. Mtoto alikuwa analia, na kilio kilikuwa kinatoka kama mapovu, blu, blu, blu, bila sauti. Kwenye shavu lake, hapa, chini ya jicho, gamba moja dogo lilikuwa limeota. Halafu la pili.

"Kaka Kaa," akasema Mize. "Vitu vyote vimerudi. Changu kiko kinywani mwake."

Kaa akatazama kinywa kile. Alikuwa anakiogopa, nyie msidhani hakuogopa. Kisha akachovya gando lake dogo kwenye sinia, kwenye uduvi uliobaki, akafinyanga tonge moja nono lenye tui linalochuruzika. Akapanda juu ya pua ya marehemu.

"Jamaa!" akasema kwa sauti. "Mtani wangu tangu azaliwe hajakataa tonge. Nitamnyooshea hili. Akilikataa, basi kweli amekufa, tumzike. Mtani wangu! Hili hapa la mwisho. Usipolitaka, nakula mimi!"

Akalishusha tonge. Likafika puani. Likafika mdomoni. Tui likadondoka, to.

Chewa alikumbuka masharti. Alikumbuka vizuri kabisa. Lakini mdomo wake haukuwahi kufundishwa kukumbuka.

Gwap!

Tonge likaingia. Na Kaa akaingia nalo.

Vibwengo wote wakajificha chini ya sinia. Zuwena, pumua. Unapumua? Hebu tuliza kichwa, huu ni mstari wa pili kutoka mwisho.

Kinywa cha Chewa kilikuwa kimefungwa. Mize aliita, "Kaka! Kaka!" Hakuna jibu. Halafu kwa mbali, ndani ya kichwa kile kikubwa, wakasikia: kocho... kocho... KACHA!

"Uuuuuwi!" Chewa akaruka mpaka mgongo ukagonga dari la pango. Kaa alikuwa ameubana ulimi wake kwa gando kubwa, akaubana kwa nguvu za ukoo wake wote. Mdomo ukafunguka wazi, na Kaa akatoka, amening'iniza chanuo kwenye gando lake dogo.

Gando kubwa halikutoka naye. Lilibaki kule, limeng'ang'ania ulimi.

"Mmenighibia!" akapiga kelele Chewa, ulimi umemvimba. "Wezhi! Cha khwangu!"

Kasa akamtazama kwa muda mrefu. "Marehemu," akasema, "lala. Tumeshakulilia."

Pango zima likapasuka kwa kicheko. Chewa akageuka kwa Kaa, amefura, mdomo wazi, angeweza kummeza bila kutafuna. Kaa akasimama pale pale na gando moja.

"Umenuna, mtani?"

Chewa akatazama huku, akatazama huku. Akinuna, ameuaibisha ukoo wake mpaka vitukuu. Akilalamika, atalalamika nini? Kwamba alijifisha ili ale peke yake? Akafunga mdomo. Akafungua tena.

"Na mathanga yangu?" akauliza kwa unyonge.

"Matanga huliwa na waliolia," akasema Kaa. Sinia lilikuwa jeupe, wamelilamba.

Lakini Mize hakuwapo kusikia. Alikuwa ameshatoka mbio, chanuo mkononi, mtoto kifuani, mpaka pale juu ambapo mwanga unaingia majini. Shavu la mtoto lilikuwa na magamba saba. Mize akachana. Akachana kutoka utosini kwenda chini, pole pole, pale penye fundo akashika shina ili lisiume. Kama ninavyofanya mimi, japo hapa hakuna anayenishukuru. Kisha akaita. Jina alilokuwa amelichagua siku nyingi lilimtoka kichwani kwa hofu, akaita lile lililokuja.

"Sikudhani!"

Mtoto akatoa povu. Blu.

"Sikudhani!"

Gamba moja likadondoka.

Jua likafika katikati kabisa ya utosi. Mkondo mzima ukazuia pumzi, Pweza na chungu chake, Kasa na mkeka wake, vibwengo mia tatu na vibuyu vyao.

"Sikudhani, mwanangu!"

"Abee!"

Ilikuwa sauti nyembamba, imekwaruza, ya mtu aliyeamshwa usingizini na hajapenda. Mize aliisikia akacheka na kulia vyote pamoja, na mimi nikifika hapa kila mara machozi yananilenga, basi nitazameni pembeni kidogo. Magamba yote yakamtoka mtoto shavuni. Vibwengo wakamwogesha kwa umande, kibuyu kwa kibuyu, mpaka akapiga chafya, na wote wakajificha.

Baadaye Mize akamtafuta Kaa. Akamkuta shimoni kwake, anajaribu kusalimia kwa gando ambalo halipo.

"Kaka, umepoteza gando lako kwa ajili yangu."

Kaa aliona uchungu, alilipenda gando lile. Lakini akasema, "Gando huota tena, dada. Mtoto haoti tena. Acha nile tope langu."

Na liliota. Likaota upande ule ule, dogo kwanza, halafu kubwa, na Sikudhani ndiye aliyekuwa akilipaka matope ling'ae, kila asubuhi, baada ya kuchanwa nywele. Bila kulia.

Chewa naye mpaka leo yuko pangoni. Ukipiga mbizi ukamchungulia utamkuta amelala kimya, hatikisiki, mdomo wazi. Bado anasubiri matanga yake. Na samaki wadogo wakipita mlangoni humsalimia, "Marehemu, hujambo?" Anajibu hajambo. Afanyeje, ni utani.

Haya, funzo. Hadithi bila funzo mama zenu watasema nawapotezea muda. Funzo ni hili: mtoto mwema hasemi uongo. Mtoto mwema hachezi na msiba. Mtoto mwema hatii mkono kinywani mwa mkubwa wake. Kaa alifanya yote matatu siku moja, tena kabla ya adhuhuri, na hakuchapwa, kwa sababu kaa hana shangazi. Nyinyi mnaye.

Na funzo jingine: chakula kikiletwa, usingoje watu watoke. Hilo andazi la mwisho pale kwenye sahani, lipitishe huku. Wewe nani, Farhani? Mama yako ni wifi yangu, na mawifi wa kwetu ni watani. Mtani hanyimwi. Ahsante.

Hadithi yangu nimeiacha pale kwenye tope la mikoko, anayeitaka akunje nguo akaichukue. Ikiwa tamu, ni Kaa aliyeitia nazi. Ikiwa chungu, mdaini Chewa.

Zuwena!

— Abee, shangazi.

Umeitika. Basi wewe si samaki. Inuka ujitazame kwenye kioo, nimeshamaliza kichwa chako, na hukulia hata mara moja.